Nzi wa matunda kwenye divai ya nyumbani: kitambaa, kizibo cha maji au mtego wa siki?

Unafunua ndoo ya zabibu siku ya tatu. Povu limepanda, harufu ni tamu na kali kwa pamoja, na pale ukingoni kuna nzi mmoja mdogo mwenye macho mekundu, anatembea taratibu kama mwenye nyumba. Unampungia mkono. Anaruka, anazunguka mara moja, anarudi palepale. Kesho yake wako sita. Wiki ya pili, kila ukifungua kabati kinatoka kiwingu.

Hapo ndipo swali huja: mtego gani unakamata wengi zaidi? Nami nilikuwa nauliza hivyohivyo. Nikahamisha bakuli za siki huku na huku, nikahesabu maiti kila asubuhi, nikajisifu. Divai mbili ziligeuka siki mikononi mwangu huku mtego pembeni umejaa pomoni.

Kosa langu lilikuwa kulinganisha vitu visivyofanya kazi moja. Mtego hupunguza nzi chumbani, basi. Kifuniko ndicho kinachomzuia nzi asifike kwenye divai. Unaweza kuwa na mtego bora kuliko yote na bado ukapoteza divai, na unaweza kukosa mtego kabisa ukaipata salama. Kwa hiyo hapa nitalinganisha kifuniko na kifuniko, mtego na mtego, halafu niseme mimi ningetumia kipi hatua ipi.

Anachofuata, na anachokuja nacho

Tunayemzungumzia ni Drosophila melanogaster, mwenye urefu wa milimita 3 hivi, mwili wa kahawia iliyofifia. Usimchanganye na wale nzi wakubwa wanaotoboa matunda yakiwa bado mtini. Hao ni ukoo mwingine na mitego yao ni mingine. Huyu wetu hana haja na tunda zima, gumu, lisilo na jeraha. Anatafuta kilichoanza kuchacha, maana chakula chake hasa ni hamira inayoota juu ya tunda. Harufu zinazomwita ni pombe, asidi ya siki na ile harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, yaani kila kitu kinachotoka kwenye ndoo yako.

Jike mmoja aliyeshiba hutaga mamia ya mayai maishani mwake. Kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, yai huanguliwa baada ya siku moja hivi, funza hula kwa siku nne au tano, kisha hujifunga ndani ya ganda la kahawia kwa siku nyingine nne. Kufikia siku ya kumi una kizazi kipya kinachoruka. Ni kasi hiyo iliyomfaa Thomas Hunt Morgan, aliyewafuga ndani ya chupa za maziwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka 1910 akamwona dume mwenye macho meupe badala ya mekundu, nzi aliyefungua ukurasa mpya katika somo la urithi. Morgan aliwalisha ndizi kwa makusudi. Sisi tunawalisha bila kujua.

Shika hiyo namba ya siku kumi, itakusaidia kupima kila nitakachokitaja. Mtego wowote hukamata wanaoruka tu. Walio ndani ya yai, ndani ya tunda, ndani ya ganda, wanaendelea na shughuli zao. Ukiweka mtego Jumatatu na Alhamisi ukasema "haufai", hujautendea haki. Na nzi wakipungua siku ya nne, usisherehekee bado.

Sasa hasara yenyewe. Nzi aliyezama si shida kubwa kwa mwili wake. Shida ni alichobeba miguuni na tumboni: bakteria wa siki, hasa wa jamii ya Acetobacter, wanaobadilisha pombe kuwa asidi ya siki. Bakteria hao hukaa pia kwenye maganda ya matunda, kwa hiyo nzi si njia pekee, lakini ni mjumbe asiyechoka: anatoka kwenye jalala la jikoni, anatua kwenye divai, anarudi, anatua tena.

Bakteria hao hawafanyi kazi bila hewa, na hilo ndilo linaloamua kila kitu. Siku za mwanzo, divai inapochemka kwa nguvu, hewa ya ukaa inapanda bila kukoma na kuisukuma nje hewa ya kawaida. Nzi akiingia wakati huo, bakteria wake wanakuta nyumba imefungwa. Uchachukaji unapotulia, lile blanketi la gesi linatoweka polepole, nafasi iliyo juu ya divai inajaa hewa, pombe ipo ya kutosha, na bakteria wanapata walichokuwa wanakitafuta. Ndiyo maana nzi watano siku ya tatu wananisumbua kidogo kuliko nzi mmoja siku ya arobaini.

Kuna na jambo la harufu. Mwaka 2018 watafiti wa Uswidi walionyesha kuwa nzi jike hutoa kemikali ya kuita wenzake, na kwamba nanogramu moja tu ya kemikali hiyo kwenye glasi ya divai inatosha pua ya binadamu kuinasa. Dume haachi harufu hiyo. Kwa hiyo mgeni wako akikataa glasi iliyoangukiwa na nzi, usimwone mdekaji. Huenda amenusa kweli.

Kitambaa dhidi ya kizibo cha maji

Hapa ndipo ugomvi wa watengenezaji wa nyumbani ulipo, na kila upande una hoja.

Kitambaa kina sifa ambayo hakuna kifuniko kingine kinayo: unakifungua na kukifunga kwa sekunde tano. Ukitengeneza divai nyekundu, maganda hupanda juu na kufanya tabaka nene linalotakiwa kusukumwa chini mara mbili au tatu kwa siku, la sivyo litakauka juu na kuwa kitanda cha bakteria lenyewe. Kifuniko kigumu kwa kazi hiyo ni mateso. Tena hamira mwanzoni hufaidika na hewa kidogo, na kitambaa kinaipitisha.

Udhaifu wake watu wengi hawauoni kwa sababu ni mdogo kwa maana halisi ya neno. Chukua kipande cha chandarua cha mbu, kishike kwenye mwanga, weka pini kwenye tundu moja uone nafasi inayobaki. Mbu ana miguu mirefu na mabawa yaliyotanuka. Nzi huyu ni mfupi, mwembamba, na anajua kujipenyeza. Wakulima wanaojikinga na binamu yake, Drosophila suzukii, hutumia nyavu zenye matundu ya milimita 1 au chini ya hapo. Vyandarua vingi vya mbu vina matundu makubwa kuliko hayo. Shashi ya tabaka moja ndiyo mbaya zaidi: inaonekana kama kinga, kumbe ni chujio la kuondoa mende tu.

Tatizo la pili nililiona kwa macho. Povu lilipanda usiku, likagusa kitambaa, kikalowa katikati. Sikujali. Siku mbili baadaye nilikikunjua karibu na dirisha nikaona juu yake, upande wa nje, vijipunje vyeupe vidogo kama chembe za chumvi vimepangwa kwenye doa la zambarau. Mayai. Mama zao hawakuweza kupita, lakini hawakuhitaji kupita: walikula kwenye doa, wakataga kwenye doa, na funza anayetoka kwenye yai la nusu milimita anapenya mahali ambapo mama yake hawezi kuingiza hata kichwa.

Kwa hiyo kitambaa kinachofaa ni kile kilichofumwa kwa kubana, cha shuka au foronya, kilichofungwa kwa mpira wenye nguvu chini ya ukingo, kisichogusana na povu, na kinachobadilishwa kila siku au mara tu kinapolowa. Acha robo ya ndoo ikiwa tupu ili povu lipate pa kupandia. Foronya kuukuu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: unaivisha ndoo nzima kutoka juu kama kanzu, mdomo unaufunga chini, na hakuna ukingo wa kuhangaika nao.

Kizibo cha maji, kile kibomba cha plastiki kinachochomekwa kwenye kifuniko au shingo ya chupa kikiwa na maji yanayobubujika, kinashinda kwa kuzuia bila ubishi. Gesi inatoka, hewa haiingii, nzi haingii. Kwa juisi iliyochujwa isiyo na maganda, sina sababu ya kukushauri kitu kingine tangu siku ya kwanza. Kwa divai iliyotulia, hicho ndicho pekee.

Ila nacho kina tabia zake. Ya kwanza, gesi inayotoka imebeba harufu ileile, na nzi anaifuata hadi mdomoni mwa kibomba. Akiingia anazama kwenye maji, na baada ya wiki una supu ya nzi ndani ya plastiki inayoangalia divai yako. Usiku ukipoa, gesi iliyo ndani ya chupa inanywea na kuvuta yale maji kuelekea ndani. Kibomba chenye umbo la herufi S huvumilia hali hii vizuri zaidi, kwa sababu hewa inaweza kupita pande zote mbili bila kubeba maji mengi. Kile cha vipande vitatu hufyonza kwa urahisi. Dawa ni rahisi: usijaze maji matupu. Jaza pombe kali isiyo na sukari, ya asilimia 40, au mmumunyo wa metabisulfiti ya potasiamu, ile chumvi ya salfa ya kuulia bakteria. Na kile kifuniko kidogo chenye vitundu vya pini kinachokuja nacho usikitupe, kina kazi.

Ya pili, maji hukauka. Chupa ikikaa miezi kabatini, kibomba kilichokauka ni mlango uliowachwa wazi, na hakipigi kelele kukujulisha. Angalia kila wiki. Ya tatu, mpira unaoshika kibomba unaweza kukaa upande. Ukiona divai ina mapovu lakini kibomba kimenyamaza, paka maji ya sabuni kuzunguka mpira. Penye kuvuja patatoa malengelenge. Gesi ikiweza kutoka pale kwa harufu, nzi atakuwa wa kwanza kugundua.

Katikati ya hivi viwili wapo wengine. Mfuniko wa ndoo uliowekwa juu bila kubanwa siupendi kabisa, kwa sababu nzi hahitaji tundu, ufa unamtosha, na harufu inayotoka ufani ndiyo inayomwongoza. Puto lenye tundu moja la sindano juu ya shingo ya chupa linafanya kazi kweli: shinikizo likipanda tundu linafunguka, likishuka linajifunga. Lakini raba huchoka, hupasuka, na puto lililochomoka usiku wa manane hulijui hadi asubuhi. Lichukue kama kinga ya siku chache wakati unatafuta kizibo. Kwa povu la fujo linalopanda hadi kwenye kibomba, chomeka mpira mnene wa kupitishia maji badala yake na uzamishe ncha ya pili kwenye gudulia la maji yenye metabisulfiti, kisha povu likishuka urudishe kibomba.

Nikiulizwa nichague moja tu kwa divai nyekundu yenye maganda, ningesema foronya kwa siku tano hadi saba za kwanza, na siku ya kukamua iwe mwisho wake. Atakayeendelea na kitambaa baada ya hapo ajue anatengeneza siki, hata kama hajaamua.

Siki, divai, hamira, ndizi, gundi: mitego ikiwekwa pamoja

Mtego maarufu ni bakuli la siki na tone la sabuni. Unafanya kazi, lakini siki si siki tu. Siki nyeupe ni asidi na maji, mwito wake ni dhaifu. Siki ya tufaha imebaki na harufu za tunda na za uchachukaji, na nzi wanaijia kwa wingi zaidi. Bora kuliko zote mbili ni kuchanganya siki na divai. Watafiti waliomwinda Drosophila suzukii walikuta divai na siki zikiwekwa pamoja hukamata zaidi kuliko kila moja peke yake, kwa sababu pombe na asidi ya siki zinasaidiana kuita. Hii ni habari njema kwa mtengenezaji, kwani ile divai ya mwisho yenye mashapo, ambayo huwezi kuinywa, ndiyo chambo. Nachanganya nusu kwa nusu, kina cha vidole viwili.

Sabuni ndiyo inayoua. Nzi ni mwepesi kiasi kwamba uso wa maji kwake ni sakafu: anatua, anakunywa, anaondoka ameshiba. Tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo linaivunja ile sakafu, naye anazama palepale. Tone moja, si kijiko. Na isiwe yenye manukato makali, maana utakuwa unamwita kwa mkono mmoja na kumfukuza kwa mwingine.

Kuhusu mdomo wa mtego, watu hubishana kati ya bakuli wazi, plastiki ya kufunikia iliyotobolewa, na faneli ya karatasi. Bakuli wazi lenye sabuni hukamata haraka kwa sababu hakuna wa kumzuia kuingia. Faneli hukamata polepole lakini aliyeingia hatoki hata kama sabuni imesahaulika. Plastiki yenye matundu iko katikati, na mara nyingi inashindwa kwa sababu mtu ametoboa matundu makubwa kwa kalamu. Mimi naweka bakuli wazi nikiwa nyumbani, na faneli nikisafiri.

Mtego wa hamira na sukari ndio wenye mwito mkubwa kuliko wote: maji ya uvuguvugu, kijiko cha sukari, chembe za hamira, na baada ya saa chache una ndoo ndogo ya divai inayoshindana na ile kubwa. Hapo ndipo uzuri na ubaya wake ulipo. Bila sabuni, siku ya nne unageuka kitalu. Nautumia kwa siku mbili tatu tu, nzi wakiwa wengi kupita kiasi, halafu naumwaga nje ya nyumba, si kwenye sinki.

Kipande cha ndizi ndani ya gudulia nacho huwaita vizuri sana. Lakini ukikisahau wiki mbili umekuwa Morgan. Kama huna kingine, fanya hivi: siku ya tatu ziba gudulia, liweke kwenye friza usiku mzima, kisha tupa kilichomo.

Karatasi ya gundi ya njano haina harufu ya kumwita nzi, inanasa wapitaji tu. Sitegemei ipunguze chochote. Naipenda kama kipimo: ninaibandika karibu na dirisha, naandika tarehe, na wiki ijayo nahesabu. Ikiongezeka, najua kuna kitu kinaoza mahali nisipopaangalia.

Halafu mahali pa kuuweka. Hili lina uzito kuliko kichocheo chote nilichoandika hapo juu, na ndilo nililokosea kwa miaka. Nilikuwa naweka bakuli palepale kando ya ndoo, kwa mantiki kwamba nzi wako pale. Matokeo yake niliwaita wa nyumba nzima waje kando ya ndoo. Mtego ukae upande wanakotoka, karibu na pipa la taka, sinki au kikapu cha matunda, na uwe mbali na divai kadiri chumba kinavyoruhusu. Mwenye njaa akutane nao kwanza.

Dawa ya kupuliza, feni, na kifyonza vumbi

Dawa ya wadudu inaua wanaoruka kwa dakika chache na inakupa raha ya siku mbili, kisha mayai yanaanguliwa. Kuipuliza kwenye chumba chenye ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa ni kuitia dawa divai. Mimi hapa sina mjadala.

Feni ndogo, kinyume chake, haithaminiwi inavyostahili. Nzi huyu si hodari wa upepo. Feni ikipuliza kwa upande juu ya meza wakati unahamisha divai au unajaza chupa, hawezi kutua, na harufu inayomwongoza inatawanyika. Elekeza upepo upite juu ya midomo ya chupa, usiingie ndani, na usifagie chumba wakati huohuo. Kifyonza vumbi kinafaa kwa wale waliolala ukutani asubuhi na mapema wakiwa wazito kwa baridi. Ukimaliza toa mfuko nje.

Kuua chanzo ni kazi isiyo na sifa

Ukilinganisha mtego wowote na kuondoa machicha, yaani maganda yaliyobaki, ndani ya siku ileile uliyokamua, kuondoa machicha kunashinda kwa mbali. Rundo la maganda lililokaa usiku mmoja wazi limeshatagwa. Lifunge kwenye mfuko, litoke nje ya nyumba. Vingine vinavyosahaulika: mpira wa kuhamishia uliotundikwa na matone ndani, chupa tupu zenye tone la mwisho, dekio lililolowa divai, sifongo, na ile sahani iliyo chini ya ndoo.

Sinki ina kesi yake. Bandika utepe wa gundi juu ya tundu la kutolea maji usiku, upande wa gundi ukitazama chini, huku ukiacha upenyo kidogo. Asubuhi ukikuta nzi wamenasa, kizazi kiko bombani. Angalia umbo lao: wakiwa na mabawa yenye manyoya kama nondo wadogo, si hawa, ni nzi wa mabomba, na siki haitawasaidia wala kuwadhuru. Kwa wote wawili, kumwaga dawa peke yake hakutoshi. Sugua ule utelezi kwa brashi, kisha mwaga maji ya moto.

Matunda yenyewe huja na mayai. Kuyaosha kunapunguza, kuyagandisha ndiko kunakomaliza. Siku chache kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri huua mayai na funza, na faida yake ya pili ni kwamba barafu hupasua chembechembe za tunda, hivyo juisi na rangi hutoka kwa urahisi zaidi. Kama friza ni ndogo, hata jokofu linasaidia, kwa sababu chini ya nyuzi 10 ukuaji wa mdudu huyu unakaribia kusimama. Kwa wanaotumia metabisulfiti ya potasiamu mwanzoni: gramu 0.9 hivi kwa lita 10 hutoa takriban miligramu 50 za salfa dioksidi kwa kila lita. Ujue tu kwamba inamlenga bakteria, si nzi, na kwamba baadhi ya wenye pumu hudhurika nayo.

Kwa hatua uliyopo

Kama bado uko wiki ya kwanza na maganda yako ndani: foronya, kusukuma maganda, mtego mbali. Nzi akiingia, mtoe kwa kijiko kisafi, endelea. Hakuna sababu ya kumwaga ndoo nzima kwa wawili watatu waliozama wakati gesi inapanda kwa nguvu. Ukikuta funza wengi kwenye maganda ya juu, hiyo ni habari nyingine: ondoa tabaka lililokauka, kamua mapema, hamishia kwenye chupa yenye kizibo.

Kama umeshakamua, kinachokulinda ni viwili tu, kizibo cha maji na chupa iliyojaa hadi shingoni. Watu hukumbuka cha kwanza wakasahau cha pili. Chupa yenye divai nusu na kizibo kizuri bado ina nusu chupa ya hewa, na bakteria aliyeletwa wiki tatu zilizopita anasubiri humo. Jazia kwa divai nyingine au hamishia kwenye chupa ndogo.

Ukimkuta nzi juu ya divai iliyotulia, mtoe, kisha nusa kabla hujafanya lolote. Harufu ya siki, au ile ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ina maana kazi imeanza. Onja tone. Ikiwa bado ni safi, jazia chupa, tia metabisulfiti kwa kipimo, funga, rudi baada ya wiki mbili. Ikiwa siki imeshika, hakuna kitu kitakachoirudisha nyuma. Itenge, na mpira uliotumia kuihamisha usiutie kwenye divai nyingine hadi uoshwe na kutiwa dawa. Wengi huimalizia tu iwe siki ya saladi, na si aibu.

Siku ya kujaza chupa ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu midomo ishirini iko wazi kwa pamoja. Chupa zilizooshwa nazisimamisha kichwa chini hadi zamu yake, feni inapuliza kwa upande, na kila iliyojaa inapata kizibo kabla ya kujaza inayofuata, hata kama hivyo ni polepole. Kabla ya kubana kizibo natazama shingoni kwa tochi. Mara moja moja namkuta, anaelea, mabawa yametanuka. Chupa hiyo siifungi. Naitia siki na tone la sabuni, naiweka karibu na pipa la taka.